Kuomba Fedha za Kuchunguza Ulinzi: Mfano wa Kibosho

Anayeomba ruzuku ya kuchunguza kazi za polisi mara nyingi huuliza swali pana mno, lisilopimika. Na tuchukue Kibosho kuwa mfano. Huko, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kila nyumba imejificha ndani ya kihamba chake, katikati ya migomba na mibuni. Shule ya Polisi Tanzania ipo karibu tu, Moshi mjini. Hata hivyo askari hawezi kuona kila kichochoro cha migombani usiku, na ndiyo sababu ya wananchi kushirikishwa katika ulinzi.

Basi swali liwe hili: je, doria ya wananchi hupunguza wizi wa ndizi na mifugo? Daftari la kituo pekee halitalijibu, kwa kuwa huonyesha makosa yaliyoripotiwa tu. Watu wakipata imani, taarifa zaweza kuongezeka hali wizi umepungua, na msomaji wa daftari akadhani doria imeshindwa. Mwombaji hana budi kutia katika makisio gharama za kuwahoji wakazi nyumba kwa nyumba, kabla ya doria na baada yake, katika vijiji vyenye doria na visivyo nayo. Fungu hilo ni ghali, na kulipunguza ni kuuvunja utafiti wenyewe.

Ndivyo ilivyofanyika Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, kwa fedha za Police Foundation. Maeneo 15 yaligawanywa: matano yaliondolewa doria ya kawaida ya magari, matano yakaongezewa, matano yakaachwa kama zamani. Wakazi walihojiwa. Wizi na hofu havikuonyesha tofauti ya maana, jambo lililowashangaza wakuu wengi wa polisi.

Kibosho lipo tatizo jingine. Kibali cha utafiti huombwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kushika nafasi ya UTAFITI. Kisha mtafiti hujitambulisha kwa polisi na kwa uongozi wa kijiji. Lakini mwenyekiti akiandamana na mhoji, majibu yatakuwa ya adabu tu. Nani atasema mbele yake kwamba alipigwa na walinzi? Kwa hiyo ombi lieleze wazi kwamba wahoji watakwenda peke yao, majina hayataandikwa, na ni nani atakayezitunza karatasi hadi siku ya kuteketezwa.