Mbio za Vyombo: Kutoka Mashua za Joka za Uchina hadi Majahazi ya Lamu

Utangulizi

Katika jamii nyingi zinazoishi kando ya maji, chombo hakikukomea kuwa nyenzo ya kazi tu. Katika siku maalumu za mwaka huondolewa shehena na nyavu, hupambwa, hupewa mabaharia hodari na kushindanishwa mbele ya watu. Makala haya yanakusudia kueleza mila mbili za namna hiyo: mbio za mashua za joka za Uchina, ambazo leo zinajulikana katika miji mingi ya dunia, na mbio za majahazi na mashua za Lamu katika pwani ya Kenya. Swali linaloongoza maelezo haya ni moja: mila ya majini inapoingizwa katika tamasha la mji, ni kitu gani kinachohifadhika, na ni kitu gani kinachoweza kupotea?

Mashua za joka

Mbio za mashua za joka hufanyika siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda ya mwezi ya Wachina. Masimulizi mashuhuri huzihusisha na Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu, ambaye inasimuliwa kwamba alijitosa katika mto Miluo mnamo mwaka 278 kabla ya Kristo. Watu walitoka mbio kwa mashua kumtafuta, wakatupa wali majini ili samaki wasiuguse mwili wake. Hata hivyo, wataalamu wengi huona kwamba mila yenyewe ni kongwe kuliko kisa hicho, na kwamba ilianzia katika ibada za joka, mtawala wa mvua na mito, na katika juhudi za kufukuza maradhi mwanzoni mwa kiangazi.

Mashua ya kawaida ya mashindano ya siku hizi hubeba wapiga kafi 20, mpiga ngoma mmoja anayekaa omo akiwakabili wenzake, na mshika usukani mmoja tezini. Ngoma ndiyo moyo wa chombo, kwani makafi yote hushuka majini kwa pigo lake. Kabla ya mbio, macho ya kichwa cha joka hutiwa nukta ya rangi, na kwa tendo hilo joka huhesabiwa kuwa limeamka. Katika baadhi ya vijiji vya Guangzhou mashua za mbao huzikwa katika tope la mto baada ya msimu ili zisikauke na kupasuka, kisha hufukuliwa mwaka unaofuata. Chombo hicho ni mali ya kijiji kizima.

Mwaka 1976 Hong Kong iliandaa mashindano yaliyoshirikisha timu za kigeni, na tangu hapo mila hii ikageuka kuwa mchezo wa kimataifa. Mwaka 1986 mashua za Hong Kong zilipelekwa Vancouver, Kanada, kwa ajili ya maonyesho ya dunia, na mji huo ukawa na tamasha lake. Katika mji huohuo, mwaka 1996, wanawake waliopona saratani ya matiti waliunda timu, na mfano wao ukafuatwa katika nchi nyingi. Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha sikukuu yenyewe miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Mbio za Lamu

Lamu nayo ni mji wa kale wa majini, na mji wake mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mbio za vyombo hufanyika huko katika nyakati kadhaa. Wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, ambayo yalipata umaarufu kwa juhudi za Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, michezo ya punda, ya kuogelea na ya vyombo huandamana na ibada. Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba, hukusanya mashindano hayo pamoja na bao, ushairi na ngoma.

Tofauti na mashua ya joka, jahazi la Lamu halina kafi wala ngoma. Nguvu yake ni upepo, na hukumu ya mbio imo katika akili ya nahodha. Vyombo huzunguka maboya katika mkondo ulio baina ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Tanga la pembe tatu hutwekwa kwa foromali ndefu. Chombo kinapolazimika kuuelekea upepo, hupiga bisho, yaani huenda mshazari upande huu kisha upande ule. Mabaharia huhamia upande wa joshini, ndiko upepo utokako, na wengine hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje ya chombo, ili uzito wao ukizuie kisilale demani.

Jambo moja huzikaribisha mila hizi mbili. Majahazi ya Lamu hubandikwa vibao viwili vya mviringo, kimoja kila upande wa omo, vilivyochongwa na kupakwa rangi, aghalabu kwa sura ya mwezi mwandamo na nyota. Hivyo ndivyo macho ya chombo. Mtepe nao, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, ulichorwa macho. Katika mila zote mbili, chombo hakitarajiwi kwenda kipofu.

Lugha iliyobebwa na chombo

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mbio hizi ni hazina ya msamiati. Mkuku, mataruma, foromali, farumi, joshi na demani ni maneno ambayo hayadumu katika kamusi peke yake, bali hudumu vinywani mwa watu wanaoyahitaji. Kutoka majini yalizaliwa pia matumizi ya mafumbo. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini, lakini leo jambo lolote lililoharibika husemwa kuwa limekwenda mrama. Msomaji wa Ntoto, baina ya Masisi na Walikale, mbali kabisa na bahari, akikutana na usemi huo kitabuni anapokea sehemu ya elimu ya mabaharia wa pwani.

Tamasha na kazi

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Mashua ya joka ya leo hujengwa kwa ajili ya mbio tu, hata kwa nyuzi za kioo badala ya mbao. Kwa sababu hiyo huweza kuishi katika mji wowote wenye maji. Jahazi la Lamu ni chombo cha kazi. Linaloshindana siku ya tamasha ndilo linalochukua mchanga, mawe, boriti za mikoko au samaki siku nyingine. Mafundi wa Matondoni hawawezi kuishi kwa kujenga chombo cha siku moja katika mwaka.

Kazi hiyo imepunguka. Mashine zimechukua nafasi ya tanga katika safari nyingi, na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, umegusa maeneo ya uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na mradi huo. Fidia huweza kumsaidia mvuvi, lakini haimfundishi kijana kupiga bisho.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba tamasha linaweza kuipa mila heshima, watazamaji na zawadi. Haliwezi peke yake kumlea nahodha wala fundi. Anayetaka kuzihifadhi mbio za Lamu hana budi kuanzia kwa mvuvi, kwa mchukuzi na kwa fundi, na maneno yao yaandikwe wangali wakiyatumia. Wahenga walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa majahazi ya Lamu, ngama hiyo ni kazi ya kila siku.