Ile kode ya namba 6: usiipe mtu, hata rafiki

Wandugu, leo siandiki juu ya udongo wala mihogo. Naandika juu ya kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana rafiki mwenye tulisoma naye aliniandikia kwa WhatsApp: "Mukubwa, kuko kode imefika kwa namba yako kwa makosa, nitumie haraka." Nikaona SMS yenye namba 6, nikaituma bila kufikiri. Dakika chache tu, WhatsApp yangu ikafungwa. Kumbe aliyeandika hakuwa rafiki yangu. Konti yake ilikuwa imeshaibiwa, na ile kode ilikuwa ufunguo wa konti yangu.

Siku hiyo mwizi akaandikia watu wangu: "Niko hospitali, nisaidie dola 30." Mama mmoja mkulima, mwenye alinipokea shambani kwake wakati wa staji, akatuma. Zilikuwa feza za mbegu ya maharagi. Nilimrudishia kidogo kidogo, lakini wakati wa kupanda ulikuwa umeshapita.

Kwa nini kode moja ilitosha? WhatsApp haijui uso wako, inajua namba yako. Mtu akiandika namba yako kwa telefone ingine, kode inatumwa kwako kwa SMS. Mwenye kuiingiza ndiye anahesabiwa kuwa mwenye konti. Njo maana kuko ulinzi wa hatua mbili: kode ya SMS, kisha PIN yenye unajua wewe peke yako. Mwizi akipata ya kwanza, ya pili inamzuia.

Fanya hivi leo:

1. WhatsApp: ingia Paramètres, Compte, Vérification en deux étapes. Weka PIN ya namba 6, isiwe tarehe yako ya kuzaliwa. Ongeza e-mail yako, itakusaidia ukisahau PIN.

2. Gmail: huko njo kuko mémoire yako na majibu ya kazi. Washa hatua mbili. Kuliko SMS, afadhali programu kama Google Authenticator. Kode yake inabadilika kila sekunde 30 na haihitaji rezo. Kwa sisi wa kulala vijijini, hiyo ni faida kubwa.

3. Google inakupa tena kode 10 za akiba. Ziandike kwa karatasi, uziweke pamoja na diploma. Telefone ikiibiwa ao ikianguka ndani ya maji, utaingia nazo.

4. Namba yenye hutumii tena inaweza kupewa mtu mwingine. Ukibadilisha sim kadi, badilisha kwanza namba ndani ya konti zako zote.

Na kama umeshaibiwa? Andika tena namba yako ndani ya WhatsApp, uingize kode mpya ya SMS. Mwizi anatoka palepale. Kama aliweka PIN yake, utangoja siku 7, lakini naye hayuko tena ndani. Wakati unangoja, pigia watu simu, uwaambie wasitume kitu.

Mimi nilisoma miaka 5 ya unif, lakini yule mama ndiye alilipa ujinga wangu. Basi ukimaliza kuweka PIN yako, chukua telefone ya mama ao ya baba, umsaidie aweke yake. Juu wezi wakiingia kwako, yeye njo wa kwanza kuombwa feza.