Wapasua mbao Mafinga na safari ya kupunguza hewa ukaa

MFANYABIASHARA mdogo wa mbao mjini Mafinga anaposikia mataifa yakiahidi kufikia sufuri halisi ya hewa ukaa, huenda akadhani hayo ni mambo ya viwanda vikubwa vya ughaibuni. Hata hivyo, safari hiyo inaanzia kwenye mashine yake ya kupasulia mbao.

Sufuri halisi maana yake ni biashara kupunguza gesijoto kwa kadiri inavyowezekana, kisha kiasi kidogo kinachobaki kufidiwa kwa hewa ukaa inayoondolewa angani, mathalani na miti. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na mwaka 2021 ikalenga kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote.

Wilayani Mufindi, liliko Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko yote ya Serikali, wapasuaji wengi wadogo hutumia mashine za dizeli maarufu kama 'dingdong'. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Hivyo mashine inayotumia lita 20 kwa siku hutoa kilo 54. Msumeno wake mnene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa maranda.

Hatua ya kwanza ni daftari: lita ngapi za dizeli, magogo mangapi, mbao ngapi. Ya pili ni msumeno mwembamba ulionolewa vema, unaotoa mbao nyingi zaidi katika gogo lilelile. Ya tatu ni kutumia umeme wa gridi pale unapofika. Ya nne ni kutochoma mabaki ovyo: mabanzi yanaweza kukaushia mbao, na maranda kutengenezewa mkaa mbadala. Mkoani Njombe, kampuni ya TANWAT ilianza kuzalisha umeme kwa mabaki ya miti katika miaka ya 1990.

Kikwazo kikubwa ni mtaji, kwani mashine bora ni ghali. Wapasuaji wakiungana, gharama hugawanyika.

Kupanda miti pekee hakutoshi. Mti ukivunwa ungali mchanga na mabaki yake kuchomwa, hewa ukaa nyingi hurudi angani, na mpasuaji naye hukosa gogo la kesho.