Kava ya 1,500 ya China na ya 3,200 ya Kariakoo: piga hesabu kabla hujatuma hela

Wauzaji wenzangu, meseji hii mnaijua. Umepost kava ya simu, mteja anakuja inbox na skrinishoti: "Mbona huku naiona 1,500, wewe unaniuzia 8,000?" Unaanza kujiona mwizi. Usiku unaingia AliExpress au 1688, unaona bei kweli ndiyo hiyo, na kichwani linaingia wazo la kuhamisha mtaji wote China.

Mdogo wangu mmoja anauza kava na protekta kupitia WhatsApp, yuko Mwanza. Mtaji wake laki tatu. Alinipigia akasema, "Dada, hawa wa Kariakoo wananinyonya, nataka kuagiza mwenyewe." Sikumkatalia. Nilimwambia achukue daftari tuhesabu hadi kava imfike mkononi. Bei zinabadilika kila siku, kwa hiyo shika njia ya hesabu, namba uweke za kwako.

Kava 100 kwa 1,500 ni 150,000. Kutoka kwa muuzaji hadi stoo ya wakala wa mizigo kulekule China, 10,000. Makato ya kutuma hela, 5,000. Kava 100 na vifungashio vyake ni kama kilo 4. Wakala wa ndege akichaji 30,000 kwa kilo, ushuru ukiwa ndani, ni 120,000. Jumla 285,000. Sasa toa kava 5 ambazo zitakuja na mikwaruzo au za simu ambayo hukuagiza, maana huwezi kupanda ndege kwenda kuzirudisha. Zinabaki 95. Gawanya: kila kava imekugharimu 3,000.

Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kava ileile alikuwa anaipata jumla kwa 3,200. Nauli ya basi la Dar hadi Mwanza tuliiacha kando kwa sababu mzigo wa China nao unashukia Dar, basi atalilipia tu.

Kwa hiyo ile tofauti ya 1,700 aliyokuwa anaiona kwenye simu ni 200. Kwa kava 95 ni 19,000. Na kwa ajili ya hiyo 19,000, karibu mtaji wote unakaa njiani wiki mbili hadi tatu huku wateja wanauliza mzigo mpya lini. Kariakoo anachukua dazeni mbili asubuhi, anachanganya Tecno, Infinix na iPhone, mzigo unapanda basi, zikiisha anachukua nyingine. Hela inazunguka. Mimi kwa mtaji wa laki tatu nasema wazi: Kariakoo.

Ila msinielewe kwamba China haifai. Kuna kitu kimoja hasa kinachoamua, nacho ni ukubwa wa boksi, na hapa watu wengi wanashangazwa na bili. Mizigo ya ndege haichajiwi kwa mzani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 6,000 (kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000), kisha wanachaji namba iliyo kubwa kati ya hiyo na kilo za mzani. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 ni 96,000. Ukigawa kwa 6,000 unapata kilo 16. Hata kama ndani kuna stendi za simu za kilo 7, utalipia 16. Ndiyo maana muombe muuzaji atoe kava kwenye vile viboksi vya plastiki, azipange bapa. Vitu vikubwa vyepesi, kama ring laiti, peleka kwa meli, huko wanachaji kwa mita ya ujazo, ila ujipange kusubiri miezi.

Pawa benki ni kesi yake. Ina betri ya lithiamu, mawakala wengi huichaji tofauti au huikataa kabisa kwenye ndege. Hiyo nunua dukani, tena uishike mkononi.

Protekta za kioo? Zinavunjika, na ni nzito kwa bei yake. Kariakoo.

Halafu angalia mifano ya simu. Dukani unaweza kujaribisha. Mtandaoni jina moja likikosewa, dazeni nzima imelala. Kava ya iPhone 8 inaingia kwenye 7 na SE ya 2020, hizo zina soko la watu watatu. Lakini XR na 11, hata zikilingana umbo, kamera zake tofauti, usidanganywe na muuzaji kwamba "ni ileile".

Yule wa skrinishoti mjibu bila hasira: hiyo ni bei ya bila usafiri, inafika baada ya wiki kadhaa, mimi ninayo hapa, nakuletea leo, uijaribishe kwenye simu yako ndipo ulipe na ya kutolea. Wengi wananunua. Asiyenunua muache aende, usishuke hadi unauza chini ya 3,200 yako.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, maduka yakafungwa, na aliyekuwa hana hata dazeni moja ndani alikaa bila kuuza. China nako, Mwaka Mpya wao unaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, viwanda vinafungwa wiki kadhaa, na kabla ya hapo stoo za mawakala zinafurika. Kama una cha kuagiza, kiwe kimetoka kule mwanzoni mwa Desemba.