Wosia wa Askari na Nyumba ya Carama

Mtaa wa Carama, ulioko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kinama, ni miongoni mwa mitaa ya jiji hilo ambamo mfanyakazi wa mshahara hujaribu kupata kiwanja, kuweka msingi, na kupandisha ukuta kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Miongoni mwa wajenzi wa namna hiyo wamo watu wa jeshi na polisi. Wengine wamejenga kwa akiba ya mshahara; wengine kwa posho za Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka askari wake katika kikosi cha Umoja wa Afrika mwezi Desemba 2007, ikaendelea mpaka ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2024.

Mwenye nyumba akiwa hai, hakuna anayeuliza nyumba ni ya nani. Swali hilo huulizwa siku chache baada ya mazishi, na mara nyingi huulizwa na watu ambao hawakubeba hata tofali moja. Kwa askari, ambaye kazi yake yenyewe ni kukaa karibu na hatari, kuliacha swali hilo lijibiwe na wengine ni kuwaachia mke na watoto vita asivyovipigana yeye.

Wapo wanaodhani kwamba sheria ya nchi imekwisha kulijibu. Burundi ina Sheria ya Watu na Familia, iliyotolewa tarehe 15 Januari 1980 na kurekebishwa tarehe 28 Aprili 1993. Sheria hiyo inaeleza habari za ndoa, talaka, uzazi na ulezi wa watoto. Inakataza ndoa ya wake wengi, na inataka ndoa ifungwe mbele ya ofisa wa serikali. Lakini juu ya urithi, wosia na hiba, nchi ilikaa miongo mingi tangu uhuru wa mwaka 1962 bila sheria moja iliyoandikwa. Rasimu ilitayarishwa, ikajadiliwa, ikawekwa kando. Hofu kubwa iliyotajwa ilikuwa uhaba wa ardhi katika nchi yenye kilomita za mraba 27,834 tu, ambayo sensa ya mwaka 2008 iliikuta na watu zaidi ya milioni 8. Pengo hilo limejazwa na mila.

Na mila ina mantiki yake. Shamba la ukoo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume, ili lisitoke katika ukoo. Mjane hubaki akilima na kulea watoto wa marehemu. Binti hupewa sehemu ya kutumia, iitwayo igiseke, ambayo si mali yake ya kuuza. Juu ya kilima, ambako kila mti wa mpaka unajulikana na wazee wa bashingantahe wameshuhudia kila mgawanyo, utaratibu huo uliweza kusimama. Pamoja na hayo, hata huko migogoro ya ardhi imejaza mahakama.

Nyumba ya Carama ni kitu kingine. Si ardhi ya babu. Imenunuliwa kwa mshahara, na pengine bati zake zimelipwa na mke kwa faida ya biashara ya sokoni. Mila haikuwahi kukutana na kiwanja chenye namba katika ramani ya jiji, wala haikusema lolote juu ya akaunti ya benki. Ndugu wa marehemu husema kwamba mali ya mtoto wao ni ya ukoo. Mjane husema kwamba ni jasho la watu wawili. Binti, akisoma Katiba inayotangaza usawa wa raia wote, na akijua kwamba Burundi iliridhia mwaka 1992 mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, husema kwamba na yeye ni mtoto. Kila mmoja ana hoja, na hakimu hana kifungu cha urithi cha kufungua. Hapo ndipo karatasi ya marehemu mwenyewe inapokuwa na uzito mkubwa.

Nchi za jirani zimeshughulikia jambo hili kwa njia mbalimbali. Rwanda ilitunga sheria mwaka 1999 iliyowapa watoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume. Kongo, katika Sheria yake ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, inakubali wosia wa hati rasmi, wosia ulioandikwa kwa mkono wa mwenyewe, na hata wosia wa mdomo. Tanzania ilichapa kanuni za mila mwaka 1963, ambazo zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne. Kenya, katika Sheria ya Urithi ya mwaka 1972 iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakubali wosia wa mdomo uliotolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi mtoa wosia afariki katika miezi mitatu. Lakini ikaongeza jambo linalomhusu askari hasa: aliye katika utumishi wa vita, wosia wake wa mdomo hubaki halali akifariki ndani ya kipindi kile kile cha utumishi, hata kama miezi mitatu imepita.

Upole huo kwa askari ni wa kale sana. Wanasheria wa Roma waliandika kwamba Julius Caesar ndiye wa kwanza kuwaruhusu askari kutoa wosia bila kubanwa na masharti yaliyowabana raia wengine. Sheria ya Ufaransa nayo inamruhusu askari aliye vitani kuutoa wosia wake mbele ya ofisa, lakini wosia huo hupoteza nguvu miezi sita baada ya yeye kufika mahali anapoweza kufuata njia ya kawaida. Katika Vita Kuu ya kwanza, askari wa Uingereza alikuwa na ukurasa wa wosia ndani ya kitabu chake cha malipo, akitembea nao mfukoni. Sababu ni moja kote: aliye chini ya risasi hana noteri wala karani. Askari wa Burundi hapaswi kuutegemea upole huo kama hakuna kifungu cha nchi yake kinachompa. Na ukweli ni kwamba askari aliye kambini Bujumbura ana muda wa kutosha wa kufuata njia ndefu na salama.

Ichukuliwe hali moja inayoweza kumpata askari yeyote. Sajini yuko Somalia. Kila mwezi anamtumia kaka yake fedha za kununua kiwanja na kujenga. Kaka anafanya kazi kwa uaminifu, lakini kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo siku ya kununua, hati inaandikwa kwa jina lake. Sajini anarudi, anahamia katika nyumba, anaishi kwa amani na kaka yake, na haoni sababu ya kubadili hati. Miaka inapita. Sajini akifa, hata awe ameacha wosia mzuri wenye mihuri mitatu, ameandika kutoa kitu ambacho karatasi inasema si chake. Kaka huenda akasema kweli. Lakini kaka naye akifa, watoto wake hawakuona fedha zikitumwa. Wameona hati tu.

Kwa hiyo kazi haianzi na wosia. Inaanza na kuhakikisha kwamba kila kitu kimeandikwa kwa jina la mwenyewe. Kiwanja kilichonunuliwa kwa mtu mwingine kinahitaji hati ya mauzo iliyothibitishwa, na umiliki uandikishwe katika ofisi ya hati za ardhi. Kwa shamba la kijijini, Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 imefungua njia ya cheti cha ardhi kinachotolewa na ofisi ya komine. Risiti za fedha zilizotumwa zitunzwe, hata kama kati ya ndugu hakuna shaka yoyote. Kutaka hati kwa ndugu si kumtukana. Na ni rahisi zaidi kumtaka ndugu hati akiwa hai kuliko kuwataka watoto wake.

La pili ni ndoa. Mwanamke aliyeishi na askari miaka kumi bila cheti cha ndoa ya serikali anaweza kuambiwa siku ya msiba kwamba yeye ni mgeni. Mwaka 2017 Serikali iliagiza wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka ule kwisha, na wengi walifanya hivyo. Lakini cheti hakijiandiki chenyewe. La tatu ni watoto. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kama baba anamkubali, amkubali mbele ya ofisi ya uandikishaji wa raia, si kwa kumnunulia viatu tu. Familia nyingi hupata habari ya mtoto wa namna hiyo kaburini, na vurugu inayofuata humwumiza mtoto huyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Baada ya hayo ndipo wosia wenyewe. Kwa mila, umurage ni maneno ya mzee mbele ya ukoo na bashingantahe, na hakuna sababu ya kuyadharau maneno hayo. Yaandikwe tu. Hati iwe na jina kamili la mtoa wosia, namba ya kitambulisho chake, tarehe na mahali. Itaje kila mali kwa alama zake, yaani namba ya kiwanja, mtaa, na benki iliyo na akaunti. Itaje kila mrithi kwa jina. Iseme nani atasimamia, na nani atawalea watoto wadogo kama mama naye hayupo. Iseme pia madeni, maana mkopo wa benki uliowekewa nyumba dhamana haufi pamoja na askari. Mashahidi watie sahihi wakimwona mtoa wosia akitia yake, na wasiwe wale wanaopewa mali.

Anayejua kusoma na kuandika anaweza kuanza mwenyewe, lakini ni busara apate msaada. Noteri huipa hati nguvu ya hati rasmi, ambayo si rahisi kuikana mahakamani. Wakili hufaa zaidi mahali penye ugumu: ndoa mbili za mfululizo, watoto wa mama tofauti, mali iliyo ya watu wawili. Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba ushauri kwa mashirika ya msaada wa kisheria, mojawapo likiwa Chama cha Wanawake Wanasheria wa Burundi. Mtu asiyefaa ni yule anayekaa nje ya ofisi akiuza fomu iliyokwisha kujazwa, ambamo anabadili jina tu.

Yako mambo ambayo wosia hauyagusi. Shamba la ukoo ambalo halijagawanywa si la mtu mmoja kulitoa. Pensheni ya wajane na yatima hulipwa kwa wale wanaotajwa na kanuni zake, na wanaothibitisha kwa vyeti. Fidia ya askari aliyekufa katika ujumbe wa Somalia, ambayo Umoja wa Afrika uliiweka dola 50,000, nayo hulipwa kwa warithi wanaotambuliwa kwa karatasi. Na kiasi kama hicho huvuta jamaa kutoka mbali. Kwa hiyo faili ya askari kikosini, yenye jina la mke na watoto, inapaswa kulingana na vyeti vya nyumbani. Askari aliyeandikisha jina la mama yake siku alipoingia jeshini akiwa kijana wa miaka 20, akaoa baadaye bila kuibadili, amewaachia mama na mke ugomvi ambao hakuna kati yao aliyeutaka.

Wapo wanaokataa kuandika kwa kuhofia kwamba ni kujiitia kifo. Hofu hiyo inaeleweka kwa mkulima. Kwa askari ni ngumu kueleweka, kwa sababu kila akichukua bunduki ghalani hutia sahihi ya bunduki na ya risasi, asije akadaiwa. Nyumba ya Carama imemgharimu zaidi ya hiyo bunduki.

Nakala moja ya wosia ikae kwa noteri, nyingine kwa msimamizi, na mke ajue ziko wapi. Hati iliyofungiwa katika sanduku la chuma kambini, ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa marehemu, haitamsaidia mtu. Mtoto akizaliwa, kiwanja kikiuzwa, au shahidi akifa, hati iandikwe upya kwa tarehe mpya, na ile mpya iseme wazi kwamba imeifuta ya zamani, kisha ya zamani ichanwe.