Sitara ya Mkutano: Njia ya Kutoka Katika Ulevi kwa Mkaazi wa Kiembe Samaki

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa ulevi, methali hii ina uzito wa pekee kisiwani Unguja. Katika mtaa kama Kiembe Samaki, ambako jirani humjua jirani pamoja na wazazi wake, anayekunywa hujificha. Hununua mbali na kwao, hurejea nyumba zimeshafungwa, na asubuhi husingizia homa. Watu wa nyumbani nao huficha, kwa kuchelea aibu ya ukoo. Siku jambo linapodhihirika, mara nyingi mwili umeshazoea pombe kiasi cha kutoweza kukaa siku moja bila ya kuipata.

Tiba ya watu wa namna hii haina budi kuwa na sitara ndani yake. Mikutano ya waraibu wanaosaidiana ilijengwa juu ya msingi huo. Chama cha Alcoholics Anonymous huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 10 Juni 1935, mjini Akron, Marekani, baada ya mfanyabiashara wa hisa, Bill Wilson, kukutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi, na waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mtu wa kumhubiria. Mwaka 1953, huko California, kikazaliwa Narcotics Anonymous kwa waraibu wa dawa za kulevya, kikifuata mfano uleule wa hatua 12.

Hapa Unguja, njia ya hatua 12 ilienea kupitia nyumba za upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba, ambazo zilianza mwaka 2009. Nyumba hizo ziliwalenga zaidi watumiaji wa heroini, na mapokeo yake ni ya Narcotics Anonymous. Mlevi asidhani kwamba mlango huo si wake: chama hicho huihesabu pombe kuwa ni dawa ya kulevya kama nyengine.

Je, mikutano hii inafaa kitu? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionesha kwamba programu za kitaalamu zinazomwelekeza mgonjwa kwenye Alcoholics Anonymous humsaidia kuacha pombe kabisa kwa kiwango sawa na tiba nyengine za kisaikolojia, au zaidi.

Hata hivyo, kuna jambo linalotangulia mkutano. Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla akiwa peke yake. Wapo wanaokata pombe usiku wa kuamkia Ramadhani kwa nia njema, wasijue hatari iliyopo. Mtetemeko, jasho na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya tone la mwisho. Degedege laweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya wagonjwa huweweseka na kuona visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Familia isiidhanie kuwa ni shetani. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, ambako atapewa dawa za kutuliza na vitamini B1 ya kuukinga ubongo.

Kwa mkaazi wa Kiembe Samaki, basi, safari yafaa ianzie katika kituo cha afya, au hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu mjini. Mhudumu aweza kutumia hojaji ya AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 10. Alama 8 na kuendelea huashiria unywaji wenye madhara. Hapo hapo mgonjwa aulize: mkutano wa karibu uko wapi, siku gani, na je, ni wa wazi kwa kila mtu au ni wa waraibu peke yao? Soba pia huulizwa, hata na asiyekusudia kulala humo. Asiyeweza kutoka, hasa mwanamke anayechelea macho ya mtaa, aweza kujiunga na mikutano ya intaneti kwa simu yake.

Mkutanoni hakuna ada. Sharti ni moja tu: kutaka kuacha. Mtu hutaja jina lake la kwanza, au hanyamazishwi akinyamaza. Mmoja husema, wengine husikiliza bila ya kumkatiza, na yaliyosemwa hubaki palepale. Hatua 12 humtaja Mungu kwa namna kila mmoja anavyomfahamu, wala chama hakifungamani na dini yoyote. Muislamu huingia na sala zake na hutoka nazo. Baadaye mgeni huchagua mlezi, mtu aliyetangulia katika nafuu, wa kumpigia simu kiu inapomzidi.

Jamaa nao wana mikutano yao: Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi.

Na anayeanguka akanywa tena? Kuanguka ni sehemu ya maradhi sugu, kama sukari inavyompanda mgonjwa wa kisukari. Arudi mkutanoni wiki ileile, na aseme kweli. Waliomo ukumbini wengi wao nao waliwahi kuanguka, na ndiyo maana hawatamcheka.