Mzinga wa ngoma

Mzinga wa ngoma ni mwili wa ngoma wenye umbo la silinda na uwazi ndani, ambao juu yake huwambwa ngozi au plastiki. Mizinga ya ngoma nyingi za asili za Afrika huchongwa kutoka gogo moja. Ile ya seti ya ngoma za bendi kwa kawaida huundwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Mizinga ya namna hii inaweza kukatwa upya ili kurekebisha sauti au kupunguza nafasi inayochukuliwa na ngoma.

Historia

Mwaka 1909 ndugu William na Theobald Ludwig walianzisha mjini Chicago, Marekani, kampuni iliyotengeneza pedali ya kupigia ngoma kubwa kwa mguu. Pedali iliwezesha mtu mmoja kupiga ngoma kadhaa akiwa ameketi. Ngoma kubwa za wakati ule mara nyingi zilikuwa na kipenyo cha inchi 28 (sentimita 71). Baadaye wapigaji wa jazz waliocheza katika kumbi ndogo walipendelea zile za inchi 20 au 18.

Kipenyo, kina na ukingo

Uzito au wembamba wa sauti hutegemea hasa kipenyo cha ngoma na jinsi kiwambo kilivyokazwa. Kina cha mzinga kina athari ndogo zaidi katika jambo hilo. Kwa sababu hiyo mzinga wa inchi 16 kwenda chini unaweza kufupishwa hadi 10 bila ngoma kupoteza sana sauti yake nzito. Hata hivyo, mvumo hupungua, na ngoma huitikia pigo upesi zaidi.

Ukingo ambapo kiwambo hukaa una umuhimu mkubwa. Ukingo uliochongwa kwa pembe ya digrii 45 hugusa kiwambo mahali padogo, hivyo sauti huwa kali na hudumu. Ukingo wa mviringo hugusa mahali pakubwa, nayo sauti huwa nzito na fupi.

Kukata mzinga

Kwanza vyuma vyote huondolewa, kisha mstari huchorwa kuzunguka mzinga na kukatwa kwa msumeno. Ukingo mpya husawazishwa kwa msasa juu ya kioo bapa. Taa ikiwekwa ndani ya mzinga, mwanga unaopenya chini huonyesha palipo na mabonde. Ukingo usio sawa hufanya ngoma ishindwe kukazwa vizuri. Mwishowe matundu mapya ya skrubu hutobolewa.

Wengine hukata ngoma kubwa vipande viwili vinavyofungwa kwa komeo. Wakati wa safari vipande hufunguliwa na ngoma ndogo hupangwa ndani yake.

Hasara

Mzinga ukishakatwa haurudi kama awali. Mizinga mingi myembamba ya zamani ina pete za mbao za kuimarisha ndani ya kila mwisho. Ukikatwa mwisho mmoja, pete yake huondoka, na mzinga unaweza kupoteza uduara wake usipowekewa nyingine. Ngoma ya zamani iliyokatwa pia hupungua thamani. Kwa hiyo inafaa kujaribu kwanza kubadilisha viwambo na kuvikaza upya, kwani mabadiliko hayo yanaweza kutenguliwa.

Tazama pia

Ngoma
Ala za muziki